Siku Tisa Réunion: Kuifuata Kahawa ya Bourbon na Watu Waliomilikiwa Pamoja Nayo

Nimeandika simulizi hii wiki tatu baada ya kurudi, nikitumia daftari lililolowa mvua na picha mia nne za simu, nyingi zikiwa za vibao vya maelezo ambavyo nilipiga haraka ili nivitafsiri usiku.

Chanzo cha safari ni mibuni ya nyumbani. Kwetu ni Kilema, upande wa kusini-mashariki wa Kilimanjaro, na kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, bado kina mistari michache ya kahawa ya zamani ambayo wazee huiita kahawa ya misheni. Tangu utotoni nilijua kwamba mbegu ililetwa na mapadri Wafaransa, waliotua Zanzibar mwaka 1860, wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, kisha wakapanda mlima hadi kwetu mwishoni mwa karne ile. Nilichochelewa kujua ni kwamba mapadri wa kwanza walitokea kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, na kwamba jina la aina ya kahawa tunayoichuma ndilo jina la kisiwa hicho. Hata N39, aina iliyochaguliwa katika kituo cha utafiti cha Lyamungu, ni ya ukoo huo huo. Kisiwani mibuni hiyo ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa, na wengine wao walitoka pwani yetu.

Nilipomuaga Baba Mkubwa, ambaye ameuza kahawa kwenye chama cha msingi kwa zaidi ya miaka hamsini, hakuniuliza habari za bahari wala za Wafaransa. Aliniambia, "Kaangalie hayo mashamba yalikuwa ya nani, na yalipatikana vipi."

Kabla ya safari: visa na nauli

Réunion ni sehemu ya Ufaransa inayotumia sarafu ya euro, lakini haimo katika eneo la Schengen. Mtanzania anahitaji visa, na visa ya kawaida ya Schengen haimfikishi huko isipokuwa iwe imeandikwa kwamba inakubalika katika maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Mimi niliandika wazi kwenye fomu kwamba ninakwenda Réunion pekee, nikaambatanisha uthibitisho wa malazi wa kila usiku, bima, na taarifa ya benki ya miezi mitatu. Visa ilitoka baada ya siku kumi na nane. Ada pamoja na gharama za ofisi inayopokea maombi zilikaribia shilingi laki tatu, na tiketi ya kwenda na kurudi kupitia Nairobi na Mauritius ilinigharimu milioni mbili na laki tatu.

Jumamosi na Jumapili: Dar es Salaam hadi Saint-Denis

Dar hadi Nairobi hakuna la kusimulia. Mauritius ndiko tulikokwama, kwa kuwa ndege ya kuvuka kwenda Réunion, safari isiyofika hata saa moja, ilichelewa kwa saa sita na kila tangazo lilisogeza muda mbele kidogo tu, jambo linalochosha kuliko kuambiwa ukweli mara moja. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa mama kutoka Ngazidja anayeishi Réunion na wanawe. Alizungumza Kikomori, nami Kiswahili, tukaelewana zaidi ya nusu, na pale tuliposhindwa tulitumia mikono. Alinikatia nusu ya mkate wake na yai la kuchemsha, akaniandikia kwenye karatasi namba ya basi na jina la kituo cha kushukia, akaonya kwamba Jumapili jioni mabasi ni adimu. Tulipotua hapakuwa na basi hata moja, na mwanawe aliyekuja kumpokea akanifikisha hadi mlangoni pa nyumba ya wageni, akikataa kabisa kupokea pesa ya mafuta.

Chumba chenye feni na jiko dogo la umeme kilikuwa euro 45 kwa usiku. Wakati ule euro moja ilikuwa inakaribia shilingi elfu tatu, kwa hiyo niliamua siku hiyo hiyo kwamba mlo wa mchana utakuwa sambusa, ambazo huko huitwa samoussa, na zinauzwa kila kona.

Jumatatu: mji

Makumbusho mengi hufungwa Jumatatu. Nilitembea, nikanunua laini ya simu, nikalala mapema.

Jumanne: hifadhi ya nyaraka

Hifadhi ya nyaraka ya kisiwa iko Saint-Denis, na yeyote anayeonyesha kitambulisho huruhusiwa kusoma bila malipo. Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Mhudumu wa chumba cha kusomea, mwanamke wa makamo mwenye subira ya mwalimu wa darasa la kwanza, alipoelewa kwamba natoka Tanzania na ninachotafuta ni mashamba ya kahawa, aliniuliza swali moja: je, nataka ardhi au nataka watu? Nilijibu kwamba nataka vyote viwili. Akatabasamu, akasema kwamba basi kazi itakuwa rahisi, maana katika karatasi za mirathi vyote vimo katika orodha moja.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kisiwa hiki hakikuwa na wakazi kabla ya kukaliwa na Wafaransa na Wamalagasi katika karne ya 17. Mwaka 1715 meli ilileta miche ya kahawa kutoka Moka, Yemen, na Kampuni ya Ufaransa ya India ya Mashariki, iliyokuwa ikikitawala kisiwa, ikawashurutisha walowezi kuipanda, huku yenyewe ikiwa mnunuzi pekee. Miche ilitaka mikono, na mikono ililetwa kwa meli kutoka Madagascar, Msumbiji, pwani yetu na India. Desemba 1723 Mfalme wa Ufaransa alitoa sheria ya watumwa kwa ajili ya visiwa vya Bourbon na Île de France, ambayo leo ni Mauritius. Sheria hiyo ilimtaja mtumwa kuwa mali inayohamishika, sawa na kiti au gunia, iwezayo kurithiwa, kugawanywa na kuuzwa. Iliendelea kutumika hadi mwaka 1848. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18, takriban watu wanne katika kila watano wa kisiwa hiki walikuwa watumwa.

Orodha za mirathi zina safu zake za kudumu: jina, asili, umri, kazi, bei. Asili huandikwa kwa neno moja, Mmalagasi, Mhindi, Mkafiri kwa Mwafrika wa bara, au Mkrioli kwa aliyezaliwa kisiwani. Kazi iliyojaza kurasa ni jembe. Bei hupanda hadi ujana, kisha hushuka, hadi mzee au kilema anapoandikwa kwamba hana thamani. Baada ya watu hufuata ng'ombe, vyombo, maghala na mashamba. Nimezoea vitabu vya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kilichonisumbua ni mwandiko: karani hakubadilisha kalamu wala mpangilio alipotoka kwa binadamu kwenda kwa mnyama. Nilipiga picha ukurasa mmoja, nikafunga jalada, nikatoka nje kunywa maji.

Mchana aliniletea jalada la aina nyingine. Utumwa ulipofutwa kisiwani tarehe 20 Desemba 1848, zaidi ya watu 60,000 walipata uhuru, na kwa kuwa wengi walikuwa na jina moja tu, makarani waliwaandika katika daftari maalumu na kuwabunia majina ya ukoo, mengine kutoka hadithi za miungu ya kale, mengine kwa kupindua herufi za jina lililokuwepo. Ukoo mzima wa leo unaweza kuwa umeanzia kwenye mzaha wa karani aliyekuwa na haraka.

Kisha ikaja fidia. Sheria ya tarehe 30 Aprili 1849 iliwalipa wamiliki wa makoloni yote ya Ufaransa faranga milioni 6 taslimu pamoja na hati za riba zenye mtaji wa faranga milioni 120. Kwa Réunion kiwango kilikuwa takriban faranga 700 kwa kila mtu aliyeachiwa huru, juu zaidi ya Martinique na Guadeloupe. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Zaidi ya hayo, kamishna Sarda Garriga, ambaye ndiye aliyetangaza uhuru, aliwaagiza miezi miwili kabla kwamba kila mmoja awe na mkataba wa kazi siku hiyo itakapofika, na wengi waliusaini kwa mabwana wale wale. Nilimuuliza mhudumu kama kuna mtu aliyewahi kuja kutafuta bibi yake akakuta pia aliyelipwa kwa ajili yake. Alisema ndiyo, na akaongeza kwa sauti ya chini kwamba kisiwa ni kidogo, na wakati mwingine wanaotafuta wale na hawa huketi kwenye meza moja.

Kwa atakayefuata: njoo na kalamu ya risasi, kwa sababu ya wino hairuhusiwi, na tafsiri maneno ya Kifaransa yahusuyo mirathi kabla hujafika.

Jumatano: Villèle

Basi la manjano la mwambao wa magharibi lilikuwa na nauli ya euro 2, iwe safari ya kilomita tano au hamsini. Barabara mpya kutoka Saint-Denis imejengwa juu ya nguzo baharini, kwa sababu ya mawe yanayoporomoka kutoka mlimani juu ya barabara ya zamani, na ukikaa dirisha la kulia huoni nchi kavu kabisa, unaona maji tu. Nilibadilisha basi Saint-Paul, nikapanda dogo linalokwenda vilimani hadi Saint-Gilles-les-Hauts. Hilo la pili lilinipita kituoni mbele ya macho yangu na mkono wangu ukiwa juu, nikangoja saa moja na dakika ishirini kwenye manyunyu.

Jumba la Villèle sasa ni makumbusho ya umma. Lilijengwa katika miaka ya 1780 na Henri-Paulin Panon Desbassyns kwa mtindo wa nyumba za Pondichéry huko India, likiwa na nguzo nene na paa bapa la chokaa iliyopigiliwa, kama dari za Mji Mkongwe zilizopigwa kwa fimbo na nyimbo. Alipofariki mwaka 1800, mjane wake Ombline aliendesha mali yote kwa miaka 46 hadi kifo chake mwaka 1846, miaka miwili tu kabla ya uhuru. Watu waliomilikiwa naye walizidi 400. Kahawa na pamba ndivyo vilivyoijenga mali, na miwa ilikuja baadaye.

Mwongozaji alitupitisha vyumbani: vyombo vya kaure, vitanda, saa ya ukutani. Sikumlaumu, kwa sababu nyumba ya bwana ndiyo iliyojengwa kwa mawe na ndiyo iliyobaki. Vibanda vya watumwa vilikuwa vya miti na nyasi, na havipo. Upande wa pili wa uwanja limesimama gofu la hospitali yao, kuta zikiwa imara na paa limetoweka. Mwongozaji alieleza kwamba mgonjwa alitibiwa kwa sababu alikuwa na bei, na kwamba jengo hilo hilo lilifaa kumfungia mtu aliyeadhibiwa. Kule chini kuna kanisa dogo la mviringo lenye paa lililochongoka, na ndani yake amezikwa Ombline. Hadithi ya watu wa kisiwa inakataa kwamba yumo. Inasema yuko ndani ya volkano, anaungua, na moto unapotoka ni yeye anayelia.

Jambo lililonifanya nirudi kwenye kibao kimoja mara mbili lilihusu wakwe zake. Binti yake mmoja aliolewa na Joseph de Villèle, ofisa wa jeshi la majini aliyekuja kisiwani nyakati za Mapinduzi ya Ufaransa, na binti mwingine akaolewa na ndugu yake. Ukoo huo wa Villèle ndio ulioliachia shamba jina. Joseph alirudi Ufaransa, akawa kiongozi wa serikali hadi mwaka 1828. Ni chini ya serikali yake, mwaka 1825, ndipo Ufaransa ilipotuma manowari Haiti na kuidai faranga milioni 150 kama sharti la kuutambua uhuru wake, fidia ya walowezi waliopoteza mashamba na watumwa. Haiti ndiyo ile Saint-Domingue, ambayo kabla ya mapinduzi ya mwaka 1791 ilitoa takriban nusu ya kahawa ya dunia. Deni lilipunguzwa mwaka 1838, lakini lililipwa. Kwa hiyo aliyesimamia hesabu ile hakuwa mgeni wa jambo lenyewe. Alikuwa amekula mezani pa shamba kama hili, na mke wake alikuwa mmoja wa warithi wa Ombline.

Saa kumi na moja mabasi yalikuwa yamekwisha. Muuza vinywaji aliyekuwa anafunga kibanda aliniuliza ninaelekea wapi, akaniweka kwenye gari lake kati ya kreti mbili, akanishusha Saint-Paul mlangoni pa malazi.

Alhamisi: Saint-Paul, makaburi ya baharini

Saint-Paul ndipo walipoanzia walowezi wa kwanza. Makaburi yake yako kando ya bahari, na wageni huenda kuangalia kaburi la haramia na la mshairi. Mimi nilitaka nje ya ukuta. Februari 2007 kimbunga Gamède kilikula mchanga wa ufuo na kufichua mifupa ya watu waliozikwa bila alama yoyote. Wataalamu wa mambo ya kale walipochimba, walikuta mingine yenye meno yaliyochongwa kwa makusudi, mapambo ya watu wa Afrika Mashariki ambayo Wamakua na Wamakonde wa vizazi vilivyopita waliyajua vizuri.

Nilikaa pale muda mrefu kwa sababu ya Kilwa. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na Sultani kupewa zawadi ya piasta 2 kwa kila kichwa. Katika shule tulisoma Kilwa ya dhahabu na ya msikiti mkubwa, na hiyo ni kweli. Ila upande wa muuzaji katika karatasi ile ni wa kwetu, na sioni njia ya kuandika habari za wamiliki wa Bourbon nikauruka. Waliouzwa walitoka bara, mbali na ikulu, na Sultani hakuhitaji kuyajua majina yao.

Mzee mmoja aliyekuwa anafagia majani alinisalimu kwa Kikrioli, "Koman i lé?" Nilikuwa nimefundishwa jibu: "Lé la." Alicheka, kisha akauliza nchi. Nilipotaja Tanzania alinyoosha kidole baharini, upande wa kaskazini-magharibi, bila kukosea hata kidogo.

Ijumaa: Saint-Leu

Sokoni Saint-Paul asubuhi nilinunua ndizi na pilipili za kukaanga, kisha basi hadi Saint-Leu. Mwanzoni mwa Novemba 1811, Waingereza wakiwa wamekiteka kisiwa, watumwa wa mashamba ya hapa waliasi. Eneo hili lilikuwa la kahawa. Mmoja wa viongozi aliitwa Élie. Siri ilivujishwa na mtumwa mwenzao aliyeitwa Figaro, maasi yakazimwa kwa siku chache, baadhi ya walioasi wakahukumiwa kifo, na Figaro akapewa uhuru wake. Uhuru, katika mfumo ule, ulikuwa nao ni mali ya bwana, naye aliweza kuutoa kama malipo.

Mchana nilipanda vilimani kwa mkulima mdogo anayelima Bourbon pointu, aina iliyozaliwa humu kisiwani. Mbuni wake ni mfupi, una umbo la pia iliyogeuzwa, majani madogo, na buni yake imechongoka upande mmoja. Karibu itoweke kabisa. Vimbunga vya mwaka 1806 na 1807 viliharibu mashamba mengi, miwa ikachukua ardhi, na baadaye kutu ya majani ikamaliza yaliyobaki. Ilifufuliwa kibiashara mwaka 2007 kwa msaada wa wataalamu kutoka Japani. Kikombe kidogo kilinigharimu euro 6. Ni laini, ina kafeini kidogo, na ina harufu ya matunda. Nilimwonyesha picha za kihamba chetu, kahawa chini ya migomba, akaziangalia moja moja na kuuliza ardhi ni ya nani. Nilisema ni ya baba, na kabla yake ya babu. Alinyamaza, akasema kwamba ukoo wake umelima kisiwani kwa vizazi vingi lakini yeye ndiye wa kwanza kuwa na hati.

Tukaongea habari za mipaka. Hapa Kampuni iligawa ardhi kwa vipande virefu, kuanzia mawimbi yanapovunjika hadi kilele cha mlima, kila kimoja kati ya korongo na korongo. Nilishangaa, kwa sababu na sisi mitaa yetu imekatwa na makorongo hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kipande kimoja cha hapa kilikuwa cha jina moja, na kwetu mgongo huo huo una vihamba mia. Walowezi wa Kilimanjaro nao walijaribu kutuzuia tusilime kahawa, lakini wakulima waliunda umoja wao, KNPA, mwaka 1925, uliofuatwa na KNCU mwaka 1933, na mbuni ukabaki wa aliyeupanda.

Jumamosi: Saint-Louis

Maison Rouge, karibu na Saint-Louis, ni shamba la kahawa la karne ya 18 ambalo sasa ni makumbusho ya sanaa za Bahari ya Hindi. Wengi huenda kuangalia samani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya sakafu za kuanikia zilizoko nje, ambazo kwa hapa huitwa argamasse: majukwaa mapana ya chokaa, yameinuliwa kidogo na kuinamishwa ili maji ya mvua yatiririke. Nilivua viatu nikasimama juu yake saa sita mchana. Nisingeweza kuhesabu hadi thelathini. Sisi huanika kwenye vichanja vya waya, tunageuza kwa mkono tukiwa tumesimama, na mvua ikija tunafunika kwa turubai. Hapa buni iligeuzwa na watu waliokanyaga jiko hili kutwa nzima, na alfajiri iliyofuata wakarudi tena.

Jioni, mwenye nyumba ya wageni alinipeleka kwa jirani zake walikokuwa wakipiga maloya, muziki wa kisiwani. Ngoma kubwa inakaliwa, na mbele yake anatikisa mtu chombo bapa cha mabua chenye mbegu ndani. Nilikitambua kabla sijaambiwa jina. Wao hukiita kayamb. Mpwani yeyote wa Kenya angesema kayamba, na asingekuwa amekosea. Walinilisha wali, maharage na soseji za kukaangwa na nyanya, na hawakuniacha nioshe sahani.

Jumapili: Entre-Deux

Nilitaka kupanda Dimitile, walikojificha waliotoroka mashamba, lakini njia inapanda zaidi ya mita elfu moja na mvua ilikuwa imelowesha udongo. Nilikaa kijijini nikaangalia juu. Wafaransa walikuwa na neno lao kwa watu hawa. Kiswahili kinalo tayari: watoro, kama wale wa Fuladoyo nyuma ya Malindi. Sheria ya 1723 ilipanga gharama ya kutoroka kwa hatua: mwezi mmoja porini, masikio yalikatwa na bega likachomwa chapa, mara ya pili, mshipa wa nyuma ya goti ulikatwa, mara ya tatu, kifo. Hata hivyo milima ya katikati ya kisiwa imejaa majina yao. Mafate, bonde zima, lina jina la mtoro wa Kimalagasi. Mashamba ya mwambao yamebaki na majina ya mabwana.

Kwa wapandaji: ondokeni saa kumi alfajiri, kwa sababu wingu hufika kabla ya saa nne.

Jumatatu: kurudi

Uwanja wa ndege hauruhusu kutoa miche wala mbegu mbichi bila kibali, na hilo ni haki kwa sababu ya magonjwa ya mimea. Kahawa iliyokaangwa inaruhusiwa. Nilinunua gramu mia moja za pointu kwa euro 42. Jumla ya matumizi, pamoja na tiketi na visa, ilikuwa karibu milioni nne na laki tisa. Dar, afisa wa forodha alinusa pakiti, akauliza kwa nini mtu wa Moshi anaagiza kahawa kutoka nje.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kilema. Baba Mkubwa alikunywa kikombe kizima polepole, akasema si mbaya ila haina nguvu. Aliuliza bei. Nilipomwambia alikiweka kikombe chini na kukitazama. Kisha nikamwonyesha kwenye simu ule ukurasa wa hifadhi ya nyaraka, nikamsomea safu kwa safu: jina, asili, umri, kazi, bei. Aliniomba nirudie ile ya umri. Akaomba miwani, akashika simu mwenyewe, na kwa kuwa haijui lugha ile, alipitisha kidole kwenye majina tu, moja baada ya jingine, hadi mwisho wa ukurasa mahali ng'ombe wanapoanzia.